Shakila binti Saidi na Neno «Urithi»

Kila afapo mwimbaji mkongwe katika nchi hii, neno moja hutangulia jeneza lake: urithi. Alipofariki Bi Shakila binti Saidi jijini Dar es Salaam, Agosti 2016, nililisikia tena. Ninalitilia shaka neno hili. Sigombani na maana yake, nagombana na kazi tunayolituma kuifanya. Kitu kikishaitwa urithi wa taifa huwa mali ya wote, na mali ya wote hakuna anayejiona na wajibu wa kuilipia. Hivyo ndivyo mfanyakazi aliyeuza jasho lake kwa sauti yake anavyogeuzwa kuwa kama mto au mlima, kitu ambacho tumekikuta tu.

Bi Shakila alikuwa mfanyakazi. Alizaliwa Pangani, akaanza kuimba angali binti mdogo, na jina lake likakua pamoja na la Black Star Musical Club ya Tanga. Msomaji kijana anahitaji kufahamu kundi lile lilifanya nini. Kabla yao, kipimo cha taarabu kilikuwa Unguja, kwa Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905: safu ya fidla, ganuni, udi, na sikio lililoelekezwa Misri. Vijana wa Tanga wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakapunguza idadi ya wapigaji, wakaipa taarabu mwendo unaonyanyua watu vitini. Mbele ya yote wakamweka mwanamke aimbe. Mombasa nao wakaufuata mwendo huo. Baadaye Bi Shakila aliimba na Lucky Star, kundi lililochipuka ubavuni mwa Black Star, kisha akahamia Dar es Salaam na kuitumikia JKT Taarab. «Macho Yanacheka» ingali ikipigwa harusini na watu ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana iliporekodiwa.

Wanafunzi wanaotoka Korogwe na Handeni huniambia kwamba hayo ni mambo ya pwani. Sikubaliani nao. Tanga iliweza kulea makundi ya muziki kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mashamba ya mkonge, na Korogwe ilikuwa kitovu kimojawapo cha mashamba hayo. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaanzia Pangani hiyo hiyo ya Bi Shakila. Mwaka ule ule ujenzi wa reli ulianzia Tanga, ikaifikia Korogwe mwaka 1902. Reli na mkonge vikawavuta manamba kutoka pande zote za nchi, na hao hawakuja na majembe peke yake. Bendi iliyokuja kujulikana kama Jamhuri Jazz ilianza mjini Tanga kwa jina la Young Nyamwezi. Jina hilo lenyewe linatueleza muziki wa Tanga ulitoka mbali kiasi gani. Handeni, isiyopitiwa na reli, ilifikiwa na redio. Kwa maoni yangu, mshahara wa mkata mkonge ulikuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa sanaa katika mkoa ule, ingawa hakuna bango lililowahi kumtaja. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, kamba za plastiki zikaubomoa mkonge katika soko la dunia, na mshahara ule ukanywea. Haishangazi kwamba waimbaji walihamia Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye fedha. Nchi haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri, kwa hiyo nyimbo za Tanga zilitolewa na kampuni za Kenya. Redio ya taifa nayo ilirekodi na kuzihifadhi kanda. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Black Star na Lucky Star uitwao «Nyota», wasikilizaji wa Ulaya wakaisikia sauti ya Bi Shakila wakiwa sebuleni mwao. Leo sauti hiyo hiyo hupatikana kwa kijana mwenye kompyuta na kibanda, anayejaza nyimbo mia katika flashi ya dereva wa basi. Simlaumu kijana huyo. Hakuna aliyemwonyesha pa kupeleka sehemu ya mwimbaji.

Sheria Na. 7 ya 1999, iliyotuletea COSOTA, inampa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwimbaji, kama mwimbaji, ulinzi wake ni miaka 50 tangu kurekodiwa. Piga hesabu. Sauti iliyorekodiwa mwaka 1968 ulinzi wake ulikwisha mwaka 2018. Mwimbaji aliyeanza kazi akiwa na miaka kumi na minane anaweza kuishi hadi akaona sauti yake mwenyewe inakuwa ya kila mtu, huku akiuguzwa kwa michango ya majirani. Katika taarabu jambo hili ni zito kuliko katika dansi, kwa kuwa mshairi, mtia muziki na mwimbaji mara nyingi ni watu watatu. Haki inayodumu ni ya mshairi, na majina ya washairi ndiyo tuliyoyapoteza zaidi.

Wajapani wana aina ya nyimbo iitwayo enka, nyimbo za majonzi, utengano na kijiji ulichokiacha. Mpenzi wa taarabu hatahitaji mkalimani ili aelewe kilio chake. Mwimbaji wao mkuu, Misora Hibari, alifariki mwaka 1989, na serikali ikampa Tuzo ya Heshima ya Wananchi, mwanamke wa kwanza kuipata. Ikampa akiwa amekwisha kufariki. Kumbe kuchelewa si ugonjwa wetu peke yetu. Tofauti ni kwamba chama chao cha kukusanya mirabaha, JASRAC, kina mizizi tangu mwaka 1939. Heshima ilipochelewa, hesabu ilikuwa ikiendelea.

Hesabu yetu imeanza kupata nyenzo. Sheria ya Fedha ya 2023 imeleta tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia kazi za sanaa. Ni hatua njema, lakini tozo hugawiwa kwa orodha, na asiyemo katika orodha hapati. Mwanamuziki wa leo ana meneja wa kumwandikisha. Mjane wa mshairi wa taarabu, aliyebaki na daftari la mashairi sandukuni, hana.

Hapa ndipo ninapowageukia maofisa utamaduni wa halmashauri za Korogwe, Handeni, Pangani na Tanga Jiji. Kazi ninayoiomba haihitaji jengo wala tamasha. Inahitaji daftari, kinasa sauti, nauli, na mtu mwenye subira ya kuketi na wazee aandike: wimbo huu aliutunga nani, aliutia muziki nani, nani alipiga besi, warithi wake wako wapi. Orodha ya namna hiyo ikifika COSOTA itazungumza lugha ambayo risala za mazishini haziijui. Waliokuwa vijana Black Star ilipovuma wana miaka sabini na themanini sasa, na mwaka wa fedha huanza Julai.