"Pros and cons" ni mzani, si hesabu

Katika mikutano ya mashirika huko Goma na Bukavu, maneno ya Kiingereza "pros and cons" yamekuwa ya kila siku. Mwenye kuongoza anachora mstari katikati ya karatasi kubwa, anaandika mazuri upande mmoja na mabaya upande mwingine. Kisha anahesabu, na upande wenye mistari mingi unashinda. Hapo ndipo kosa linaanzia.

Maneno hayo yana asili ya Kilatini: "pro" ni kuunga mkono, "contra" ni kupinga. Mwaka 1772, Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley akimueleza namna yake ya kukata shauri. Aligawanya karatasi sehemu mbili, akaandika sababu za kila upande kwa siku tatu ao ine, kisha akapima uzito wake. Sababu mbili zenye uzito sawa, moja huku na moja kule, alizifuta. Wakati mwingine sababu moja ilifuta mbili za upande wa pili.

Wakaaji wa Goma wanalielewa jambo hilo. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru sehemu ya mji ihame. Sababu za kubaki zilikuwa nyingi: nyumba kuibiwa, biashara kufungwa, watoto kulala inje, mfuko mtupu. Ya kuondoka ilikuwa moja: uhai. Familia nyingi zilielekea Sake, Bukavu ao Rwanda. Kama zingehesabu mistari tu, zingebaki.

Kosa la pili ni kuchanganya luga. Anayesema Kifaransa kisha akaingiza "les pros et les cons" anachekesha kikao: kwa Kifaransa "pros" ni wataalamu, na "cons" ni tusi la kuita watu wapumbavu. Kifaransa kina "le pour et le contre". Kiswahili kina "faida na hasara".

Wengine watasema hayo ni maneno tu. Lakini pale kikao kinapoamua bomba la maji lipite wapi, mama asiyejua Kiingereza ananyamaza. Sababu yake, pengine nzito kuliko zote, haiandikwi upande wowote. Basi kikao kiulize kwa luga anayoielewa, na kipime kabla ya kuhesabu.