Tiyo mbili za mafuta zisituharibie gari ya koperative



Mavuno yakikaribia, mu mikutano yetu tunazungumza magunia, bei ya mpunga, na nani atapakia wa kwanza. Juu ya gari yenyewe tunauliza mambo mawili tu: mazuti iko? Shoferi iko? Kisha tunapita kwenye jambo lingine.

Maoni yangu ni haya. Kila koperative yenye pikapu ya bwati ya vitesi otomatiki ikague, mbele ya msimu kuanza, zile tiyo mbili zinazopeleka mafuta ya bwati kwenye radiatere na kuyarudisha. Zikionekana zimechoka, zibadilishwe zote mbili kwa pesa ya koperative, bila kungoja zipasuke. Na uamuzi huo uchukuliwe na mkutano, usiachiwe shoferi peke yake katikati ya njia.

Wengi wetu tulizoea magari ya vitesi vya mkono. Tunaangalia maji, tunaangalia mafuta ya moteri, basi. Lakini kati ya pikapu za okazyo zinazotufikia huku mashariki kwa kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, nyingine ziko otomatiki, na bwati ya namna hiyo inaishi kwa mafuta yake. Mafuta ndiyo yanafunga na kufungua vitesi ndani, ndiyo yanalainisha vyuma, ndiyo yanabeba joto. Pampu inayasukuma yakiwa ya moto kupitia tiyo moja mpaka mbele, kwenye radiatere. Pale yanapoa, yanarudi kwa tiyo ya pili. Tiyo zenyewe ni za chuma, lakini kwenye magari mengi kuna vipande vya mpira pahali pa kuungana, juu moteri inatikisika wakati wote na chuma kitupu kingevunjika.

Mafuta hayo yanafanya kazi vizuri yakiwa na joto la digrii 80 mpaka 90 hivi. Yakipita 120 na kukaa pale, yanaanza kuungua na kupoteza nguvu. Sasa wenzetu wanaotoka bonde la Ruzizi kwenda kuuza Bukavu wanajua mlima wa Ngomo, ule wa kupanda toka Kamanyola kuelekea Nyangezi. Gari imejaa mpunga au nyanya, inapanda polepole kwa vitesi vya chini, upepo unaopita kwenye radiatere ni kidogo. Huko ndiko bwati inachemka kuliko pahali pengine pote. Tiyo iliyokula kutu na mpira uliokauka mara nyingi vitavumilia gari ikisimama mbele ya depo. Vitaachia kule mlimani, na mzigo juu.

Na vikiachia, hakuna muda mrefu. Kufuatana na aina ya pikapu, bwati nzima na tiyo zake inabeba lita 7 mpaka 10 hivi za mafuta. Pampu haijui kama tiyo imepasuka. Inaendelea kusukuma, na mafuta yanamwagika barabarani. Moteri inalia, gari haiendi. Shoferi akikanyaga zaidi, disiki za ndani zinasuguana bila mafuta na zinaungua. Tangu hapo hautafuti tena tiyo. Unatafuta bwati nzima. Na nyanya hazingoji mtu atafute bwati.

Ninyi wa mashamba ya mpunga mnaelewa jambo hili kuliko mafundi wengi. Tundu la panya kwenye ukingo wa mfereji ni dogo, mtu analiziba asubuhi kwa udongo wa jembe moja. Likiachwa usiku mmoja, shamba limekauka na ukingo umebomoka. Hakuna anayesema mu mkutano kwamba tundu la panya ni kazi ya mlinzi wa maji peke yake. Kila anayeliona analiziba ao anaita wengine.

Tiyo nayo inaonyesha alama zake mapema, na mtu yeyote anaweza kuziona, hata asiyejua kuendesha. Asubuhi, mbele ya kuwasha gari, mtazame chini upande wa mbele. Tone la mafuta mekundu si la moteri. Mafuta mengi ya bwati yanauzwa na rangi nyekundu. Mshike mpira moteri ikiwa baridi: kama umepasuka-pasuka, umevimba, ao umelainika kama ugali, umekwisha. Mtazame tiyo pahali inapofungwa kwenye shasi. Matope na maji vinakaa nyuma ya vifungo vile, kutu inakula ndani kwa siri wakati pengine pote chuma kinaonekana kizima. Na kama mafuta kwenye kijiti cha kupimia yamegeuka kahawia na yananuka kuungua, bwati imeshaumia na fundi aitwe. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni hatari nyingine: kipoza mafuta ndani ya radiatere kimetoboka, maji na mafuta vinachanganyika. Gari hiyo isiendeshwe hata kidogo.

Nimesikia majibu matatu ya wale wasiokubali, na yote yastahili kujibiwa.

La kwanza: «Fundi wa njiani alikata pahali pabovu, akaweka mpira na kolye mbili, gari ikatembea.» Kweli, ikatembea. Kufika garaje ya karibu, polepole, sina neno. Lakini mimi ninaongea juu ya msimu mzima. Mpira wa maji ya radiatere haukutengenezwa kwa mafuta ya moto. Unalainika na kuchomoka. Mpira wa mazuti nao hauvumilii joto lile kwa muda mrefu. Tiyo ya shaba inapinda vizuri mkononi mwa fundi, lakini kwa kutikisika inapata ufa. Na wako wengine wanaounganisha tiyo mbili pamoja ili mafuta yasipite kabisa kwenye radiatere. Gari haivuji tena, ni kweli, lakini bwati haina tena pahali pa kupozea mafuta. Kupanda Ngomo namna hiyo na tani moja ni kuichoma bwati kwa mikono yetu wenyewe.

Jibu la pili: «Kese iko tupu.» Mara nyingi kese iko tupu juu ya namna tunavyogawa. Tuseme pikapu yenu inabeba magunia 10 ya kilo 100, inafanya safari 3 kwa juma. Mkikata franga 500 kwa kila gunia, ni franga 5.000 kwa safari, 15.000 kwa juma. Kwa majuma 20 mmefikisha franga 300.000. Ni mfano tu. Kila koperative ifanye hesabu yake na kumuuliza fundi bei ya tiyo mbili, mipira yake na mafuta mapya. Kisha iulize pia bei ya bwati nzima, iweke bei zote mbili mbele ya wanachama. Mimi sidhani mkutano wowote utakaoona namba hizo mbili kwenye karatasi moja utachagua kungoja.

Sheria yenyewe inatuelekeza upande huo. Sheria ya OHADA juu ya vyama vya koperative, iliyopitishwa mwaka 2010 na inayotumika pia mu Congo yetu, inataka koperative itenge akiba kwenye faida yake mbele ya kugawana. Lakini akiba ile ni ya koperative nzima, haikuwekwa kwa kubadilisha mpira. Ndiyo sababu ninapendelea mfuko mdogo wa gari, wenye daftari lake, unaolishwa na kila gunia linalopanda.

Jibu la tatu linauma zaidi: «Ile gari ni ya mradi, wenye mradi wataitengeneza.» Mradi una mwisho wake, na siku unapofunga, tiyo hazifungi nao. Gari inayobeba mpunga wenu ni yenu, hata kama pesa ya kuinunua ilitoka pengine. Na wafadhili nao wasikie: kutoa gari bila kupanga na wakulima namna ya kuitunza ni kutoa nusu ya gari. Siku ya kukabidhi ufunguo, pesa ya matunzo iwe imeshazungumziwa.

Kuna jambo lingine ambalo mu mikutano tunaliogopa: kutoaminiana. Shoferi akisema tiyo zimechoka, kuna mtu nyuma atanong'ona kwamba anatafuta makuta. Basi shoferi anajifunza kunyamaza, na anayenyamaza ndiye tunamuita mzuri mpaka siku gari inakufa. Hapo tunamkata mshahara. Hiyo si haki, na haituletei gari nyingine. Dawa yake ni ndogo. Watu wawili, mmoja wa komite na mmoja wa kamati ya ukaguzi, waende na shoferi kununua. Fakitire ibandikwe ukutani kwenye depo. Na tiyo za zamani zirudi depo, kila mwanachama azione kwa macho, apime kutu kwa kidole. Mtu aliyeona chuma kilichooza hanong'oni tena.

Wale watakaosimama karibu na fundi wajue pia kazi nzuri inafanana na nini. Gari ipozwe kwanza na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Kwenye radiatere fundi atumie kle mbili: moja inashika kiungo cha radiatere kisizunguke, ya pili inafungua ekru. Akitumia moja tu, anaweza kupasua radiatere na kuwaongezea deni. Midomo iliyo wazi izibwe kwa kitambaa safi, juu punje ya mchanga ikiingia kwenye bwati inaharibu. Tiyo mpya ifuate njia ile ile ya zamani, mbali na bomba la moshi, na vifungo vyote virudi pahali pake; kifungo kinachokosa ndicho kinafanya tiyo isuguane na chuma mpaka itoboke. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ao kwenye kijiti. Mafuta yote mekundu si ndugu. Kisha moteri iwashwe, mkono wa vitesi upitishwe pahali pote polepole, mafuta yapimwe tena namna kitabu kinavyosema. Gari ifanye safari fupi bila mzigo, irudi, itazamwe chini. Ikiwa kavu, ipakiwe.

Na kama bahati mbaya inafika njiani, shoferi asimame mara moja na kuzima. Wala msiifunge kamba kuivuta mpaka nyumbani. Mu pikapu otomatiki pampu ya mafuta inazungushwa na moteri; moteri ikizimwa na magurudumu yanayosukuma gari yakizunguka chini, bwati inasagika bila mafuta. Gari ibebwe juu ya kamyo, ao itengenezwe pale pale iliposimama. Kukomboa kamyo ni ghali, lakini kamba inaweza kuwauzia bwati.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu yaingie kwenye mkutano wenu unaokuja, mbele ya gunia la kwanza kupimwa. Moja, tiyo na mipira ya bwati ikaguliwe na fundi mbele ya mashahidi wawili, na aandike alichokiona. Mbili, kiasi cha kukata kwa kila gunia kikubaliwe kwa kuinua mikono na kuandikwa kwenye prosevebali. Tatu, shoferi apewe ruhusa iliyoandikwa ya kusimamisha gari anapoona mafuta yanavuja, bila kuomba kwa simu na bila kuogopa mshahara wake.

Hiyo ya tatu haigharimu hata franga moja. Muanze na hiyo.