Nzi wa matunda: Vita vinavyokomea kabla ya kufika Kangemi

SERIKALI imejifunza kupigana na nzi wa matunda kwa ajili ya mlaji wa Shanghai. Mlaji wa Kangemi bado hajapata wa kumpigania.

Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni bara Asia, na aligunduliwa humu nchini mara ya kwanza mwaka wa 2003, katika eneo la Pwani. Mnamo 2005 wanasayansi walimpa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, wakidhani ni aina mpya. Miaka kumi baadaye ikabainika kuwa ndiye Bactrocera dorsalis aliyejulikana Asia tangu zamani. Mkulima wa Murang'a, bila shaka, hakuona tofauti.

Hasara aliiona. Mwaka wa 2007 Afrika Kusini ilipiga marufuku maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi huyo. Uchina nayo ilipofungua soko mnamo 2019, ilitaka tunda limenywe na kugandishwa kwa baridi kali, sharti ambalo kampuni chache tu zingeweza kulitimiza. Ruhusa ya kuuza matunda mabichi ilitiwa saini Mombasa Januari 2022.

Kumdhibiti kunahitaji kuelewa maisha yake. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai. Mabuu hula nyama ya tunda, tunda huanguka, nayo mabuu hujichimbia udongoni hadi yageuke kuwa nzi. Ndiyo maana kunyunyizia dawa pekee ni kazi bure. Shambani, hasa mvua za masika zinapokutana na joto, mkulima hana budi kupalilia chini ya miti ili magugu yasifiche matunda yaliyoanguka, ayaokote, kisha ayazike kina cha nusu mita au zaidi. Kuna pia mitego yenye chambo cha kuvuta madume, na nyigu wadogo wa kutoka Hawaii, walioachiliwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Kasarani, ili wawashambulie nzi hao wangali mayai au mabuu.

Juhudi hizi zote hukomea langoni mwa shamba. Tunda lililokataliwa na wanunuzi wa ng'ambo hupakiwa na kuletwa katika masoko kama Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki. Sina ugomvi na hilo. Parachichi lenye doa huliwa, tena kwa raha. Tatizo ni lile lenye mabuu, ambalo mama mboga hulitambua akilipasua, akalitupa kwenye lundo la taka. Humo nzi hukamilisha maisha yake bila bughudha, na kutoka hapo hadi miembe na miparachichi ya Loresho na Kabete ni safari fupi kwa kiumbe chenye mbawa.

Taka za soko ni jukumu la Kaunti ya Nairobi. Afya ya mimea ni jukumu la KEPHIS. Buu aliye ndani ya lundo yuko kati ya ofisi hizo mbili, na kila moja ina sababu ya kumwachia mwenzake.

Wafanyabiashara hulipa ushuru. Wana haki ya kudai mapipa yenye vifuniko na lori la kuzoa mabaki ya matunda kila jioni, kazi isiyohitaji mtaalamu wa Kasarani wala idhini ya Beijing.