Tusiwaite Wahandisi wa Kike Kisha Tukawafukuza

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kila siku ya mwongozo wa taaluma ikifika, wageni huja kutuhimiza sisi wasichana tusome hisabati na fizikia ili tuwe wahandisi. Maneno yao ni matamu kama asali, nasi makofi tunawapigia. Lakini mpenzi msomaji, nina swali ambalo sijasikia likijibiwa: tukishaajiriwa, ni nani atakayehakikisha kwamba tutabaki?

Nauliza kwa sababu jambo hili lanihusu. Niko kidato cha nne, fizikia ninaifanya, na nia yangu ni kusomea uhandisi wa ujenzi. Dada yangu mkubwa alitangulia njia hiyohiyo. Alisota chuoni miaka mitano, akapata digrii yake, akaajiriwa na kampuni moja ambayo sitaitaja. Alipofika saiti, buti alizopewa zilikuwa za miguu ya wanaume, ikambidi avae soksi mbilimbili ndipo zimkae. Choo kilikuwa kimoja, na hakikuwa na komeo. Mkutano ukiitishwa, yeye ndiye wa kuandika kumbukumbu na kuagiza chai, ilhali vijana aliosoma nao walitumwa kusimamia kazi ya konkriti. Hakuna aliyemwambia aondoke. Lakini si tunajua kwamba akufukuzaye hakwambii toka? Mwaka wa pili haukuisha, akaacha. Leo anauza misumari na saruji dukani, na majirani wanasema, "Si tulisema? Hiyo ni kazi ya wanaume."

Ati kazi ya wanaume! Treni ya abiria ya reli mpya ilipozinduliwa Mombasa tarehe 31 Mei 2017, wanawake Wakenya walikuwa miongoni mwa madereva wake. Rubani Irene Koki Mutungi naye alikuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787 mwaka wa 2014. Mashine haimwulizi mtu kama ni mume au mke. Wanaouliza ni watu.

Wala tatizo hili halikuzaliwa Kenya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake wengi wa Uingereza waliingia viwandani kutengeneza silaha na mashine. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, walitakiwa wawapishe wanaume. Kazi waliiweza, lakini nafasi wakanyang'anywa. Ndipo mwaka wa 1919 baadhi ya wanawake wakaunda chama chao cha wahandisi ili kutetea haki yao ya kubaki.

Hapa kwetu, Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 inamtaka mwenye digrii afanye kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Hebu piga hesabu. Msichana akiingia chuoni akiwa na miaka 19, anamaliza akiwa na 24. Ongeza miaka mitatu, ni 27. Hiyo ndiyo miaka ambayo wengi huolewa na kupata watoto. Akikatishwa tamaa hapo katikati, basi masomo yote yale yamebaki karatasi tu.

Wapo watakaodai kwamba kampuni ni biashara, na likizo ya uzazi inaleta hasara. Nakubali kwamba inagharimu. Lakini kumfundisha mtu kazi miaka miwili kisha kumpoteza na kuanza upya na mwingine, je, hiyo si hasara? Tena, hatuombi hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inataka kazini kuwe na chumba cha mama kunyonyesha. Sheria zipo. Zinachongoja ni kutekelezwa.

Kwa maoni yangu, mambo manne yangetosha kuanzia. Kwanza, buti, ovaroli na helmeti za kumtosha mwanamke, na choo chake chenye komeo. Pili, kazi zigawanywe kwa zamu, kila mhandisi mchanga aonje saiti na aonje ofisi. Tatu, anayerudi kutoka likizo ya uzazi aikute kazi yake, si meza ya karani. Nne, anayeacha kazi aulizwe sababu, na jibu lake lisikilizwe.

Nanyi wavulana mnaosoma ukurasa huu, msidhani hamhusiki. Baadhi yenu mtakuwa wasimamizi wa saiti hizo. Siku hiyo chai ikihitajika, agizeni wenyewe.

Mimi sitaiacha fizikia. Nitaenda. Lakini wageni wetu wa mwaka ujao wakija na maneno yao matamu, nitainua mkono na kuwauliza kuhusu buti na choo. Nawe msomaji, inua wako.

Mwanachama wa Kidato cha Nne