Kumbukumbu za Shule Zetu za Kale

Wako watu katika nchi hii ya Ugogo wasemao, "Shule ni watu, si matofali. Wanafunzi wamekwisha kwenda zao. Basi majengo makuukuu na makaratasi yake vya nini?" Neno hili tumelisikia barazani, na hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Ni neno jepesi kutamka, na kwa wepesi wake lawadanganya wengi. Sisi twalikataa, na leo twataka kuonyesha sababu zetu.

Tutwae mfano ulio karibu. Msafiri afikaye Dodoma leo atakiona Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa Anglikana, kilichoanza mwaka 2007. Kabla yake mahali hapo palikuwa na Shule ya Sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Na kabla ya jina hilo shule iliitwa Alliance, maana yake umoja, kwa kuwa misioni za Kiprotestanti zilishikamana kuilea. Ilikuwa shule ya vijana Waafrika, katika siku ambazo watoto wa nchi moja walitengwa kwa rangi zao: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao. Utengano huo katika sheria ulikomeshwa mwanzoni mwa mwaka 1962. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misioni mikononi mwa Serikali, na baada ya miaka mingi mahali pale pakarudi kwa Kanisa. Mahali ni pamoja, majina ni matatu.

Hatulaumu mabadiliko hayo. Mti hukua, na chuo kikuu ni tunda jema. Lakini mti ukatwao mizizi hauzai mara ya pili. Jina likibadilika bila habari kuandikwa, mjukuu atapita penye darasa alimosoma babu yake, wala asijue kwamba anapita kwao.

Tazameni Kongwa, mwone jinsi usahaulifu unavyofanya kazi. Kila asikiaye jina la Kongwa hukumbuka karanga: ule mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951, baada ya mvua kukosekana, udongo kuwa mgumu kama saruji, na mashine kuharibika. Mashimo yale ya fedha yameandikiwa vitabu. Tena watoto wa Kizungu walikuwa na shule yao huko Kongwa, iliyofungwa 1958, na waliosoma humo wamekusanya picha na habari zake. Hawakukosa, wamefanya ipasavyo. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba miaka mingi kabla ya karanga, mwaka 1913, misioni ya C.M.S. ilifungua Kongwa chuo cha Huron, ili kufundisha walimu Waafrika? Vita Vikuu vya kwanza vilipokuja, walimu wa misioni hiyo walikamatwa na Wajerumani, wakafungwa. Hao ndio waliotutangulia ubaoni. Karanga zilizoshindwa zina historia. Walimu waliovumilia hawana. Je, ni haki?

Wengine hujibu, "Habari hizo zimekwisha kuhifadhiwa." Kweli, zimehifadhiwa, lakini wapi? Barua na taarifa za wamisionari wa C.M.S. zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, zimepangwa vizuri sana. Twashukuru. Ila zile ni habari za mwalimu mgeni akimwandikia bwana wake. Yule kijana aliyetembea kwa miguu kutoka Mvumi au Mpwapwa, mfuko wa unga wa uwele begani, ili apate kusoma, hana barua yake katika sanduku lile. Habari yake imo katika daftari la mahudhurio, katika picha iliyotundikwa ukutani kwa mjane wake, na katika vichwa vya wazee wachache. Na wazee hawatungojei.

Wala tusidhani kwamba sheria itatulindia kila kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. C.M.S. walifika Mpwapwa mwaka 1876! Basi hakuna hata darasa moja la misioni katika nchi yetu lilindwalo kwa umri wake tu. Ni lazima litangazwe. Na nani ataomba litangazwe, kama wenyewe twanyamaza?

Hatusemi haya kwa kuhisi tu. Katika kijiji kimoja tuliuziwa maandazi yaliyofungwa kwa karatasi ya daftari la shule. Tukaisoma: majina ya watoto, siku walizokuja, siku walizokosa kwa njaa. Mwenye maandazi hana kosa, karatasi alipewa. Kosa ni letu tulioziita takataka.

Wako pia wasemao, "Shule zile zilituchapa, zikatufundisha kudharau ngoma na lugha za kwetu, ziache zife." Twakubali kwamba yalikuwako. Lakini kukumbuka si kusifu. Ni nani atakayewaonya walimu wa kesho, kama kosa la jana limefutwa? Yaandikwe yote, fimbo na wema pamoja.

Tena jambo hili si letu peke yetu. Huko Washington, Marekani, watu weusi walikuwa na shule ya sekondari tangu 1870, ambayo baadaye iliitwa Dunbar, na jengo lake la 1916 lilikuwa fahari yao. Mwaka 1977 likabomolewa, ingawa wengi waliosoma humo walipinga. Jengo jingine jipya likafunguliwa 2013, lakini lile la 1916 halirudi. Majuto ni mjukuu.

Mtasema fedha hakuna, na watoto hawana madawati. Hatuombi fedha za madawati. Twaomba mambo manne. Kwanza, kila kanisa na kila shule ya kale iwe na sanduku la bati, liwekwe juu ya mawe mbali na mchwa, na daftari zote zitiwe humo. Pili, vijana wenye simu wawasikilize wazee na kuzinasa sauti zao, kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Tatu, jengo la kale lisibomolewe kabla ya kupimwa na kupigwa picha. Nne, mahali palipobadilishwa jina, majina ya kwanza yaandikwe mlangoni, hata kwa rangi tu.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wapate la kujibu. Watoto wetu nao watauliza. Ndugu wasomaji, kabla ya mvua za mwaka huu kuvujia darini, nendeni mkafungue makabati ya shule zenu.