Kamina: tuhesabu maji, si visima tu

Kamina iko kwenye nyanda za juu. Mto Lomami unaanzia si mbali, na upande wa mashariki maji yanashuka kwenda Lualaba. Mvua ikikatika mwezi wa 5, vijito vinaendelea kwa sababu maji ya chini ya udongo yanatoka polepole kwenye chemchemi. Kwa hiyo anayevuta kisimani anavuta pia kwenye kijito.

Sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015 iliwafungulia wengine kazi iliyokuwa ya REGIDESO, na makanisa nayo yanachimba. Vizuri. Lakini tunaona wafadhili wakihesabu visima, si maji (kibao chenye jina lao hakisahauliki kamwe). Tukihesabu bido moja la lita 20 kwa mtu, watu 1,000 wanavuta lita 20,000 kila siku. Udongo utayatoa mpaka lini? Wataalamu hukadiria kwa kompyuta mvua inayoingia ardhini, maji yanayovutwa na yale yanayobaki kwa mto. Bila vipimo vya mahali penyewe, wanabahatisha.

Tunaomba kila kamati ya kisima iwe na daftari. Mara moja kwa mwezi, alfajiri kabla watu hawajaanza kuteka, mteremshe kamba safi yenye uzito, mwandike ni mita ngapi hadi kwenye maji. Mwezi wa 9 na wa 10 msiruke: kiangazi kimekuwa kirefu, maji yameshuka sana.