Tausi wa Kongo

Atajwapo tausi, wengi humfikiria yule wa India, mwenye mkia mrefu uliojaa macho, atembeaye katika bustani za wakubwa. Yuko nduguye wa Kiafrika, ambaye makao yake ni misitu ya mvua ya Kongo tu.

Habari zake kwa wataalamu zilianza na unyoya mmoja. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliuona katika kofia ya mwenyeji mmoja huko Ituri, akauchukua asijue ni wa ndege gani. Alikaa nao miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando kwa kudhaniwa kuwa ni tausi wachanga wa India. Unyoya ule ukalingana nao. Wenyeji wa msitu, bila shaka, hawakuhitaji makumbusho ili wamjue.

Dume hufikia sentimeta 70 hivi. Rangi yake ni buluu iliyokoza, inayong'aa kijani na zambarau. Shingo yake ina ngozi tupu nyekundu, na utosini pana kishungi cheupe kilichosimama kama burashi. Jike ni wa hudhurungi, na mgongo wake hung'aa kijani. Mkia wao ni mfupi, hauna macho.

Mchana hutembea chini akitafuta matunda yaliyoanguka na wadudu. Usiku hulala mtini. Atakaye kumwona na aanze kwa masikio: usiku dume na jike huitikiana kwa sauti kubwa. Shika upande ule, kisha alfajiri uende polepole, ukitazama ardhi kwanza, miti baadaye. Hapo askari aliyezoea doria ana heri kuliko mtalii, mradi asigonge sufuria wala asizungumze.

Lakini mara nyingi aonekanaye ni yule aliyenaswa. Waya uliotegwa kwa ajili ya funo hauchagui mguu. Hata ndani ya hifadhi za Salonga na Maiko mitego humfuata ndege huyu. Askari wa doria aukutapo waya na aung'oe, asiuruke tu. Na mama wa nyumbani auziwapo nyama ya ndege asiyemjua, amwulize mwuzaji kwanza yako wapi manyoya.

Juma lijalo tutamtazama okapi, jirani yake huko Ituri.